Mchezaji Ghali Kuliko Wote

Kwenye mlango wa friji letu pamebandikwa orodha ya wachezaji kumi wanaolipwa mishahara mikubwa kuliko wote katika ligi yetu. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuzaliwa. Ni watu wa kompyuta, wenye majina ambayo programu imeyaokoteza huku na kule. Anayeongoza ni mrushaji wa mkono wa kushoto, miaka 36, dola milioni 31 kwa msimu. Mkataba huo nilimpa mimi.

Nilikuja Ohio kusoma shahada ya uzamili ya takwimu, na besiboli niliikuta ndani ya nyumba kama nilivyoikuta baridi. Mwenzangu tunayepanga naye, shabiki wa Cleveland wa kutoka machozi, alinionyesha mchezo wa kompyuta unaoitwa Out of the Park Baseball. Humo hushiki fimbo wala mpira. Wewe ni meneja: unasajili, unauza, unatema, unapanga mishahara. Unaweza kutumia timu za kweli, au ukaunda ligi ambayo kila mchezaji ni wa kubuni. Sisi, wanafunzi wanane, tuliunda yetu. Kila Jumapili jioni tunakusanyika sebuleni, mmoja anabonyeza kitufe, na mwezi mzima wa mechi unapita kabla chai haijapoa. Mimi niliyekulia kwenye ubishi wa Simba na Yanga sikuchelewa kunogewa.

Mrushaji wangu nilimsajili akiwa na miaka 31, mkataba wa miaka saba. Wakati huo alikuwa hagusiki. Misimu mitano ya kompyuta baadaye, ambayo kwangu haikufika hata mwaka, bega lake limekwisha. Wapigaji wa timu za mkiani wanamchapa watakavyo. Mshahara wake uko palepale.

Ndipo nilipoanza kuisoma ile orodha kwa jicho lingine. Si orodha ya wachezaji bora. Mchezaji bora wa ligi yetu ni kijana wa miaka 23 ambaye hafikishi hata dola milioni moja. Programu inafuata kanuni za ligi kuu ya Marekani, na huko mchezaji hawi huru kuchagua timu mpaka atimize miaka sita ya utumishi. Wengi, katika miaka mitatu ya mwanzo, hulipwa karibu na kima cha chini, ambacho kwa msimu wa 2025 kilikuwa dola 760,000. Kwa hiyo mtu hutoa jasho lake la ujana kwa bei ndogo, halafu hulipwa akishaanza kuchoka. Wale kumi wa kwenye friji wanalipwa kwa yale waliyokwisha kuyafanya.

Na hata huo uhuru una mtu aliyeulipia. Mwaka 1969 Curt Flood wa St. Louis aliambiwa ameuzwa Philadelphia. Akakataa, akamwandikia kamishna wa ligi kwamba yeye si mali ya kununuliwa na kuuzwa. Kesi ilifika Mahakama ya Juu, akashindwa mwaka 1972 kwa kura tano dhidi ya tatu. Desemba 1975 msuluhishi Peter Seitz aliamua kesi ya wachezaji wengine wawili, na mlango ukafunguka. Flood alikuwa ameshaacha mpira. Mamilioni yakaenda kwa waliokuja nyuma yake.

Nilikuwa nikiyasoma haya usiku mmoja wa Februari, saa nne, dada yangu alipopiga simu. Kwao Morogoro ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi, hajafungua duka.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Umekula?"

Kila simu yetu huanza hivyo. Nikamwambia nimekula. Akazunguka kidogo, akasimulia mvua, akasimulia bei ya vitenge, kisha akauliza kama mtu anayeulizia habari za jirani: "Hivi mdogo wangu, mtu wa miaka 32 bado wanampokea chuo cha uuguzi?"

Mwaka 2017 barua mbili ziliingia nyumbani kwetu ndani ya wiki moja. Yangu ilitoka chuo kikuu, yake ilitoka chuo cha uuguzi. Mkopo sikupata. Baba alikuwa na nusu ekari ya kuuza, na nusu ekari ile ingesomesha mtu mmoja. Hakukuwa na kikao. Tulikuwa tunakula, dada akasema, bila kuinua macho kwenye sahani, "Aende kwanza huyu. Mimi nitaenda baadaye." Baba akashusha pumzi. Mimi nikaendelea kula. Hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko yote, kwamba niliendelea kula.

Tangu hapo akauza vitenge. Hela yangu ya chakula chuoni ilitoka kwenye vitenge. Hela ya viza pia. Wakati yule dada ananiuliza kuhusu umri, kwenye kompyuta yangu kulikuwa na faili lililofunguliwa: maombi ya uzamivu. Miaka mingine mitano. Nilikuwa sijamwambia mtu.

"Wanapokea," nikasema.

"Haya. Nilikuwa nauliza tu. Wewe unamaliza lini?"

Nikasema Mei. Nikanyamaza hapohapo.

Desemba 2023 Shohei Ohtani alisaini na Dodgers mkataba wa dola milioni 700 kwa miaka 10, lakini akaomba milioni 680 zilipwe baadaye, kuanzia 2034 hadi 2043, bila riba, ili klabu ipate nafasi ya kusajili wengine. Sebuleni kwetu mkataba huo bado unabishaniwa. Kuna anayemwita mjanja, kuna anayemwita muungwana. Usiku ule niliwaza kwamba dada yangu alifanya jambo hilohilo mezani kwa baba, bila wakala na bila karatasi. Ohtani ana tarehe. Dada alikuwa na neno "baadaye," na aliyekuwa na kalamu ya kuijaza tarehe ni mimi. Katika familia yetu mchezaji ghali kuliko wote ni mimi, na nilikuwa najiandaa kuongeza mkataba.

Jumapili iliyofuata nilimtema mrushaji wangu. Nilidhani nitapumua. Lakini programu inafuata kanuni za kweli: ukimtema mchezaji mwenye mkataba, unaendelea kumlipa. Jina lilitoka kikosini, milioni 31 zikabaki kwenye vitabu vya klabu, mwaka huu na ujao. Mwenzangu alicheka. "Ulidhani zinakwenda wapi?"

Maombi ya uzamivu sikuyafuta, ila sikuyatuma mwaka huu. Nitaanza na kazi, popote nitakapoipata. Nilikaa na karatasi, nikapiga hesabu ya ada ya uuguzi kwa miaka mitatu, posho langu la chuo, kodi ya chumba, na kazi ya Jumamosi maktabani. Ada ya mwaka wa kwanza inatoka, kwa kubana. Nikampigia dada, nikamwambia Septemba, nikamtajia na kiasi.

Alikaa kimya mpaka nikadhani mtandao umekatika.

"Na duka nani atakaa?" akauliza.

Nikasema sijui. Hilo sikulipigia hesabu.

"Basi nitamuuliza mama," akasema. "Wewe umekula?"