Jumba la Usiku

Nianze kwa kukiri: mchana niliudharau. Kila aliyetia mguu Forodhani na kamera shingoni amekwisha kulipiga Beit-el-Ajaib mchana, likajaa kwenye kadi za posta na kalenda za ukutani. Mie nilitaka langu peke yangu.

Tena jua la Unguja halina huruma na mpiga picha. Jumba limeelekea baharini. Asubuhi jua linatoka nyuma yake, unaambulia uso mweusi na mbingu nyeupe pe. Saa sita jua liko utosini, roshani zinaangusha vivuli vyeusi kama masizi. Alasiri ndiyo kuna nuru ya kushiba, lakini alasiri mie nilikuwa kazini, bwana.

Basi usiku. Unaisimamisha kamera juu ya miguu yake mitatu, unalibana tundu la lenzi libaki dogo, unaliacha wazi sekunde 20 huku unamwomba Mungu mtu asijikwae hapo. Raha yake ni kuwa wapita njia hawaonekani. Wanatembea mbele yako wakifutika mmoja mmoja, moshi wa mishkaki unageuka ukungu, gari inabaki mstari wa taa tu. Lakini uwahi dakika chache baada ya magharibi, mbingu ikiwa bado ya buluu, maana kwetu huku giza halibishi hodi.

Kwenye picha zangu jumba lilirudi mwaka 1883, lilipojengwa zama za Sayyid Barghash. Nguzo za chuma zimenyooka, roshani zimetulia kama hakuna lililopata kutokea. Usingejua kwamba Agosti 1896 Waingereza walipiga mizinga hapo, vita visivyofika hata saa moja, majumba jirani yakavunjika na hili likasalimika.

Nilikwenda kumringia ami yangu. Ami ni fundi mwashi, wa mawe na chokaa. Akazitazama moja moja, hana haraka.

"Nzuri," akasema. "Ila umeipaka wanja. Mie nnataka kuiona ilivyoamka."

Sikumwelewa. Akanieleza: taa za usiku zinapaka dhahabu kila kitu, chokaa iliyobanduka na isiyobanduka. Lakini jua likianza kuulamba ukuta kwa ubavu, kila tumbo la ukuta linajitokeza, kila ufa unatupa kivuli chake. Chokaa inayokunywa maji miaka na miaka inalegea. Chuma kikila chumvi kinafura, kinapasua jiwe lililokishika.

"Njoo siku moja baada ya adhuhuri, mwanangu. Nipigie kuta, na chini ya roshani pale maji yanapopita."

Nikamjibu inshaallah. Mnaijua inshaallah ya vijana.

Tarehe 25 Desemba 2020, marekebisho yakiendelea, sehemu kubwa ya mbele ikaporomoka pamoja na mnara. Watu wawili wakafariki. Nilifika jioni ile na kamera begani, sikuitoa. Sikujua niielekeze wapi. Mahali nilipozoea kuupata mnara palikuwa na mbingu tu.

Baada ya wiki Ami akanipigia simu. "Zile picha unazo?"

Nilipekua sanduku zima usiku kucha. Usiku, usiku, usiku. Nyingine nzuri mpaka nikaona haya kuzitazama. Ya mchana nikapata moja tu, niliyoipiga saa sita kuijaribu kamera ilipokuwa mpya, imepinda, nusu yake ni kichwa cha muuza miwa. Mara ngapi nilitaka kuitupa!

Nikampelekea. Ami akavaa miwani, akaisogeza dirishani. Chini ya roshani ya pili palikuwa na mstari mweusi, unashuka kutoka kwenye pembe ya nguzo.

"Huu ufa au kivuli?"

Nikainama nikaangalia. Nikaivua miwani yake puani mwake, nikaivaa mie, nikaangalia tena.

"Sijui, Ami."

Akaichukua miwani yake. Hakusema kitu. Akaendelea kuigeuza ile picha kwenye mwanga, huku na huku.