Viwanda vya Chai vya Rungwe, Kutoka Serikalini Hadi kwa Wanahisa

Chai ilipandwa Kyimbila, karibu na Tukuyu wilayani Rungwe, mwaka 1904, ila kwa miongo mingi ilibaki zao la mashamba makubwa. Mkulima mdogo aliingia kwa wingi baada ya uhuru, na mwaka 1968 serikali ikaunda Mamlaka ya Chai Tanzania. Mamlaka iliwahudumia wakulima, ikanunua majani mabichi na kuyasindika katika viwanda vya Katumba na Mwakaleli. Kwa watu wa Suma na kata jirani, mnunuzi, msindikaji na serikali walikuwa mmoja.

Ndiyo maana Mamlaka ilipoishiwa fedha hapakuwa na pa kukimbilia. Malipo yalichelewa, mbolea ikaadimika, na mashamba mengi yakaachwa yakawa pori.

Uamuzi wa kuuza viwanda, hata hivyo, haukutoka Rungwe. Tangu makubaliano ya mwaka 1986 na Shirika la Fedha la Kimataifa, wafadhili walisukuma mashirika ya umma yaondoke mikononi mwa serikali. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 sheria ya mashirika ya umma ilirekebishwa, ikaanzishwa Tume ya Rais ya Kurekebisha Mashirika ya Umma. Sheria ya Chai ya 1997 ikaigawa Mamlaka: Bodi ya Chai ikapewa usimamizi, na wakala tofauti ukapewa wakulima wadogo.

Hapo ndipo jani lenyewe lilipopata sauti. Likishachumwa halingoji, lisiposindikwa mapema, limeharibika. Anayenunua kiwanda bila kuelewana na wachumaji amenunua mitambo mitupu. Wakulima wa Rungwe walikuwa na chama chao, na viwanda vilipokwenda kwa Kampuni ya Chai ya Wakulima, chama kilipata hisa pamoja na Tatepa, kampuni iliyoingia Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 1999. Hisa nyingi zilikuwa za Tatepa. Sehemu ya wakulima, ingawa ndogo, haikuwa hisani: ilikuwa bei ya kupata majani.

Mfumo uleule haukuokoa kila kiwanda. Huko Mponde, Lushoto, chama cha wakulima na mwekezaji walishirikiana pia, lakini mgogoro ukafunga kiwanda mwaka 2013. Kilichokosekana ni kuaminiana.

Huko Rungwe, shinikizo sasa linatoka shambani penyewe: parachichi linashindania ardhi ileile, na asiyeridhika na bei ya majani anaweza kung'oa chai.