Mabomba ya Kalundborg

Mji wa Kalundborg, ulioko pwani ya magharibi ya kisiwa cha Sjælland nchini Denmark, hujulikana na watalii kwa kanisa lake la minara mitano. Wenye viwanda huujia kwa ajili ya mabomba. Mabomba hayo hupita baina ya kiwanda na kiwanda, mithili ya jirani anayempitishia mwenziwe bakuli la futari juu ya ukuta.

Jambo lenyewe lilianzia kwenye maji. Maji ya ardhini hayakutosha, na tangu mwaka 1961 kiwanda cha kusafisha mafuta kikavuta ya ziwa Tissø. Sisi wa Mombasa, tuijuao bei ya mtungi mfereji ukikauka, twaelewa upesi.

Mwaka 1972 kiwanda cha mbao za jasi kikaanza kupokea gesi iliyomzidi jirani huyo msafisha mafuta. Baadaye mtambo wa umeme, uliokuwa ukichoma makaa ya mawe, ukawauzia majirani mvuke. Na ulipoanza kuondoa salfa katika moshi wake, ikatoka jasi, ikapelekwa kwenye kiwanda kile kile cha mbao.

Sisi tumefundishwa kuchukia israfu. Wao walipiga hesabu ya hasara. Kila mapatano yalikuwa ya wawili, na kila mmoja alipata faida yake. Nadhani udogo wa mji nao ulisaidia, kwani wakuu wa viwanda walijuana. Hata nyumbani, machicha ya nazi hupelekewa kuku wa jirani umjuaye, si wa mtaa wa pili.