Mteremko wa Mai Mahiu

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Naivasha, akiisha kupita sehemu za Limuru, hufika ukingoni mwa Bonde la Ufa. Mbele yake husimama mlima Longonot, wenye urefu wa mita 2,776, na barabara huteremka ubavuni mwa bonde hata Mai Mahiu. Wafungwa wa Kiitaliano waliichonga wakati wa Vita Kuu ya Pili, na kanisa dogo walilolijenga lingali kando yake.

Watu wa Kenya wamezoea kuisifu motokaa kwa injini yake, wala si bure. Katika mashindano ya Safari ya mwaka 1963 magari 84 yalianza safari, yakamaliza 7 tu, na ya kwanza ikawa Peugeot 404. Lakini mteremko huu hautaki nguvu ya kupanda. Breki zikikanyagwa mfululizo hupata moto, kisha hazishiki tena. Dereva mwenye busara hutia gia ndogo kabla ya kuanza kushuka, ili injini yenyewe izuie mwendo.

Kwa miaka mingi abiria wa matatu walishuka hapa pasipo mikanda. Tangu Februari 2004 sheria imetaka kila kiti kiwe na mkanda, na gari liwe na kidhibiti mwendo kisichopita kilomita 80 kwa saa. Hata hivyo, mkanda uliofichwa chini ya kiti haumwokoi mtu. Abiria na aufunge kabla gari halijafika ukingoni. Na akiukosa, amwulize kondakta mapema.