Shafti Haina Mdomo

Cheni ya bodaboda ina mdomo. Ikilegea, inagonga kava. Ikikauka, inalia kama panya aliyebanwa na mlango. Meno ya sproketi yakiisha, hata abiria aliye bize na simu anauliza, "Boss, hii kitu iko sawa kweli?" Basi mwenye pikipiki anasimama kando ya barabara, anavuta gurudumu nyuma kidogo, anakaza nati, anatia oili, na maisha yanaendelea.

Shafti haina mdomo. Ni chuma kirefu cha mviringo kinachotoka kwenye injini, kinapita chini ya tuktuk ya mizigo na kuingia kwenye difu, katikati ya magurudumu mawili ya nyuma. Mafundi wa Nakuru wanaiita propela. Dereva akikaa kwenye kiti haioni. Mwenye mzigo haioni. Polisi anayeangalia bima haioni. Inaweza kufanya kazi miezi na miezi bila kukuomba kitu, halafu ikakatika siku ambayo hukuipangia. Mimi nina miaka 24 na ninaifikiria propela kuliko vile watu wanatarajia msichana afikirie chuma. Sababu ni rahisi: nyumba yetu inakula kutoka kwayo.

Mama alinunua tuktuk zamu yake ya chama ilipofika, akaongezea mkopo. Mjomba, kaka yake mdogo, ndiye dereva. Mimi ndiye wa daftari. Kila jioni Mjomba analeta hesabu, shilingi 1,000, na kinachobaki baada ya petroli ni chake. Kazi yake kubwa ni kabichi na viazi kutoka Dundori hadi soko la Wakulima hapa mjini. Kwenda Dundori anapanda akiwa mtupu. Kurudi anateremka hadi Lanet akiwa amejaa. Hiyo ndiyo hali ya kazi yenyewe: mzigo na mteremko huja pamoja.

Na mzigo wenyewe hausemi ukweli. Kanuni za viazi za 2019 zilisema gunia lisizidi kilo 50. Lakini kila mtu anayejua soko anajua lumbesa, lile gunia lililoshonewa kofia juu likafura kama mimba. Magunia kumi ya kilo 50 ni kilo 500. Magunia kumi ya lumbesa ya kilo 70 ni kilo 700. Ukihesabu kwa macho ni kumi na kumi, lakini propela haihesabu kwa macho.

Kuna mtu ataniuliza kwa nini basi hizi tuktuk zisiwekwe cheni kama pikipiki ya kawaida. Pikipiki ina gurudumu moja nyuma, kwa hivyo cheni inatosha, ni nyepesi, na inabadilishwa hata chini ya mti. Tuktuk ya mizigo ina mawili. Ukikata kona, gurudumu la nje linatembea safari ndefu kuliko la ndani, na difu ndiyo inayaruhusu yazunguke kwa kasi tofauti. Kupeleka nguvu ya injini hadi kwenye difu inayorukaruka na springi, unahitaji shafti inayoweza kujikunja. Inajikunja kwenye krosi, yaani kile chuma cha umbo la msalaba chenye kofia nne, kila kofia ikiwa na sindano ndogo za beringi ndani yake. Kiungo cha aina hiyo ni cha zamani sana. Wazungu wengi wanakiita kadani, kwa jina la Girolamo Cardano, Muitaliano wa karne ya 16. Pikipiki ya kwanza kuitwa BMW, R 32 ya 1923, haikuwa na cheni, ilikuwa na shafti. Mpaka leo ukiona watalii wamesimama petroli steshoni hapa na zile BMW kubwa zenye masanduku ya bati, chungulia gurudumu la nyuma. Hutaona cheni.

Mwaka jana, mvua za Aprili zikiwa zimechimba mashimo, jamaa wa steji yetu alikatikiwa na krosi akiteremka kutoka Dundori. Ya mbele. Krosi ya nyuma ikikatika, chuma kinaburuzwa na angalau unasikia kelele. Ya mbele ikikatika, ncha inaanguka ikielekea mbele, na ikipata shimo inajichomeka, tuktuk nzima inainuliwa kama mwanariadha anayeruka kwa upondo. Hata usipoinuliwa, injini haikusaidii tena kuzuia mzigo. Uko gia ya kwanza, lakini ni kama uko fri. Zimebaki breki peke yake.

Alivunjika mguu mahali pawili. Kabichi ziliokotwa na watu. Tuktuk haikuwa yake, alikuwa akileta hesabu kama Mjomba. Kabla hajatolewa plasta, mwenye tuktuk alikuwa ameitengeneza na kumpa kijana mwingine. Hakuna aliyeuliza nani alipaswa kuchungulia pale chini. Dereva anasema chombo si changu. Mwenye chombo anasema si mimi naendesha. Fundi anasema sikuitwa. Propela inabaki mtoto wa kila mtu, na mtoto wa kila mtu hulala njaa.

Mama alisikia habari hiyo akiwa anachambua mboga. Akaniambia bila kuinua kichwa, "Mimi sitampelekea ndugu yangu supu hospitali nikijua pesa ya krosi nilikuwa nayo." Jumapili iliyofuata nilikuwa Shabab, kwa fundi mmoja mzee ambaye ametengeneza tuktuk tangu zianze kujaa mjini. Nilimwambia nataka kujua kuangalia, si kutengeneza. Akacheka. "Sister, kutengeneza ni rahisi. Kuangalia ndiyo kazi."

Alivyonifundisha ndivyo ninavyofanya mpaka leo. Tuktuk inasimama mahali tambarare, haina mzigo, injini imezimwa, imepoa, gia iko fri. Mawe mawili kwa kila gurudumu, mbele na nyuma. Halafu unalala chini. Majirani wataongea. Wacha waongee.

Kwanza unashika propela kwa mkono na kuizungusha kidogo, huku na huku. Itacheza kidogo, na mtu asiyejua anaogopa. Mchezo huo mara nyingi ni wa meno ya difu na si ugonjwa. Siri ni kuangalia krosi yenyewe: upande mmoja ukisogea na ule mwingine ukikawia, hata kwa upana wa ukucha, sindano za ndani zimeisha. Kisha unaisukuma propela juu na chini. Ikifanya "tik", umepata jibu. Halafu spana kwenye kila bolti ya kushikilia propela, moja baada ya nyingine, hata kama jana zilikuwa sawa.

Pili, rangi. Watu wengi husema jina Nakuru linatokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi, na anayefua nguo zake hapa hatabisha. Vumbi letu ni la volkeno, jepesi na kali, linakula chuma kama msasa. Lakini rangi yake ni ya kijivu. Ukiona unga mwekundu, kama wa tofali, umezunguka kofia za krosi, hilo si vumbi la barabara. Ni kutu ya sindano zinazosagana bila grisi. Pangusa, fanya kazi siku moja, angalia tena. Ukirudi, ni damu.

Tatu, grisi. Kama krosi ina chuchu ya grisi, unapiga pampu mpaka ile ya zamani itoke kwenye kofia zote nne. Ikitoka tatu tu, ya nne ina kiu, na ndiyo itakuua. Usisahau pale shafti inapoingia na kutoka kwa meno yake, maana tuktuk ikipiga shimo, propela hurefuka na kufupika.

Mwisho ni difu. Fungua nati ya kujazia: oili inapaswa kufika kwenye ukingo wa tundu. Ikiwa kama chai ya maziwa, maji yameingia. Ikiwa na vumeremeta vya chuma, gia zinalana. Angalia kama sili inavuja kuelekea kwenye gurudumu, kwa sababu oili kwenye breki ni msiba mwingine kabisa. Hata zile BMW za watalii ziko hivyo hivyo: raba isipasuke, sili isivuje, oili isiwe na chuma, gurudumu lisicheze ukilishika juu na chini. Tofauti ni kwamba mwenye ile ana kitabu cha huduma na likizo ya miezi mitatu. Mjomba ana simu inayolia.

Ililia Ijumaa moja mwezi wa Agosti. Mteja wa kabichi alikuwa Dundori, mzigo umeshakatwa, na kabichi iliyokatwa haingoji mtu. Asubuhi hiyo nilikuwa chini ya tuktuk, na unga mwekundu niliopangusa Alhamisi ulikuwa umerudi kwenye krosi ya mbele. Nikashika, nikasukuma. Tik.

"Trip moja tu, mum," Mjomba akasema. Ananiita hivyo kwa sababu nimepewa jina la mama yake. "Nikirudi tunaenda kwa fundi."

"Utarudi na nini, Mjomba?"

Akanyamaza. Nilijua anachohesabu, kwa sababu daftari ni langu. Petroli ya jana, hesabu ya leo, karo ya mtoto wake inayodaiwa wiki ijayo. Hakuwa mjinga wala hakuwa na haraka ya kufa. Kwa mpangilio tuliokuwa nao, kuegesha tuktuk kulimgharimu yeye shilingi 1,000 na kuiendesha kungemgharimu labda sifuri. Mtu anayelipwa kwa trip hawezi kuambiwa awe makini bure.

Nilimpigia Mama. Aliuliza swali moja: "Krosi ni pesa ngapi?" Nikamwambia. Akasema, "Leo hakuna hesabu. Na petroli aliyoweka jana nitamrudishia." Mteja alitutukana kwenye simu, akatafuta tuktuk nyingine. Hajatuita tena hadi leo, na alikuwa anatupa kazi mara mbili kwa wiki. Hiyo nayo iliingia daftarini.

Fundi alipiga alama ya rangi kwenye propela na kwenye difu kabla hajafungua, ili irudi vile ilivyokuwa. Shafti yenye krosi mbili ikirudishwa vibaya, zile krosi zinapingana badala ya kusaidiana, na tuktuk inatetemeka mpaka inakula beringi. Akagonga kofia zikatoka. Tatu zilikuwa kavu. Ya nne haikuwa na sindano tena, ilikuwa na unga, na ukuta wake ulikuwa na ufa unaoingia ukucha. Mjomba aliichukua, akaigeuzageuza kiganjani, akaitia mfukoni. Krosi mbili mpya na kazi ya fundi vilikuwa chini ya hesabu ya siku tatu.

Jioni hiyo tulikaa watatu mezani na kubadilisha mpango. Jumamosi asubuhi, saa moja hadi saa nne, ni ya propela. Saa hizo zinalipwa: hesabu ya Jumamosi imeshuka kutoka 1,000 hadi 600. Mjomba akiona kitu katikati ya wiki na kusimama, siku hiyo haina hesabu, na haulizwi maswali mpaka fundi aseme. Mama alinung'unika kuhusu mkopo, lakini alikubali. Mkopo utachelewa kuisha kwa wiki kadhaa. Tumepiga hesabu, tunaweza.

Watu hupenda kusema Wakenya hawana tabia ya kutunza vitu. Mimi nimelala chini ya tuktuk za kutosha sasa, maana madereva wa steji wameanza kuniita nichungulie zao, na sijakutana bado na dereva asiyejua kwamba krosi inahitaji grisi. Nimekutana na madereva ambao dakika ishirini za kutia grisi zinatoka kwenye unga wa watoto wao. Ukitaka propela iangaliwe, lipa wakati wa kuiangalia. Hayo mengine, fundi atakufundisha kwa Jumapili moja.

Wiki iliyopita kijana mmoja wa steji alimuuliza Mjomba kwa nini tuktuk yetu hulala Jumamosi asubuhi ilhali soko limejaa. Mjomba hakuhubiri. Alitoa ile kofia yenye ufa mfukoni, akampa aishike, kisha akamwambia amwite tajiri wake aje aione pia.