Kilometa Chache, Bei Kubwa: Subaru ya Coventry na Subaru ya Mlabani

Mtanzania anayeishi Coventry akiona Subaru Impreza WRX inauzwa mtandaoni, hahangaiki kumpigia muuzaji simu. Anachukua namba ya usajili iliyo kwenye picha, anaingia kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza, na bila kulipa chochote anasoma gari lile lilikaguliwa lini, lilifeli wapi, na siku ya ukaguzi lilikuwa limetembea maili ngapi. Ukaguzi huo huitwa MOT. Huanza gari likifikisha miaka 3, hurudiwa kila mwaka, na kumbukumbu zake zimekuwa zikiingizwa kwenye kompyuta tangu 2005. Gari la 2006 lina safu ndefu ya maili, mwaka juu ya mwaka. Pale ambapo maili zimeshuka badala ya kupanda, mnunuzi hana haja ya kuuliza swali la pili.

Sasa mlete mtu huyohuyo likizo Mlabani, Ifakara, akitafuta gari la mbio la kuacha nyumbani. Dalali anamwambia: "Kaka, hii ni namba E, gari ya mama mmoja mwalimu, kilometa sabini na nane elfu tu, injini haijaguswa. Unawasha, unaondoka." Katika maneno yote hayo, kinachoweza kuthibitishwa pale pale ni herufi ya namba peke yake.

Na hiyo herufi inasema kidogo kuliko watu wanavyodhani. Inaonyesha gari lilisajiliwa lini Tanzania. Haionyeshi lilitengenezwa lini, wala lilitembea kiasi gani kabla ya kupanda meli. Subaru Forester ya 2004 inaweza kushuka bandarini leo na ikavaa namba mpya kabisa. Hata hivyo matangazo ya magari ya mkononi yanaanza na herufi hiyo, na bei inaifuata: namba C ina bei yake, D ina yake, E ina yake. Kilometa huja mwishoni, kama pambo la tangazo.

Wanunuzi wa nyumbani si wajinga kwa kufanya hivyo. Mfumo wenyewe umewafundisha. Kikokotoo cha TRA cha magari yaliyotumika kinauliza aina ya gari, modeli, mwaka, nchi lilikotoka, mafuta na ujazo wa injini. Kilometa hakiulizi. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, VAT ni 18, na ushuru wa bidhaa unategemea ujazo: asilimia 5 kwa injini ya zaidi ya cc 1,000 hadi 2,000, na asilimia 10 ikizidi hapo. Kisha kuna adhabu ya uzee: gari dogo la miaka 8 hadi 10 linaongezewa asilimia 15, na lililozidi miaka 10 linaongezewa 30. Piga hesabu ya gari la lita mbili lililopita miaka 10, kodi juu ya kodi, utakuta serikali inachukua kiasi kinachokaribia thamani yote ya gari lilipofika bandarini, hapo tozo ndogondogo hazijaguswa. Gari la namna hiyo lililotembea kilometa 60,000 na pacha wake aliyetembea 160,000 yanalipa sawasawa.

Hapo ndipo wapenda mbio walipopata upenyo. TRA inapima ujazo, haipimi tabo. Toyota IST yenye injini ya cc 1,298 na nguvu za farasi 87 iko kwenye kundi moja la ushuru wa bidhaa na Impreza STI ya Japani yenye cc 1,994 na farasi 280. Altezza RS200, lita mbili bila tabo, farasi 210, nayo imo humohumo. Mark X ya cc 2,499, ambayo vijana wengi wanaiona gari la heshima zaidi, inaangukia asilimia 10. Yeyote anayeshangaa kwa nini Subaru za lita mbili zimejaa barabara za Tanzania aanzie hapo, kisha aongeze ushindi wa Colin McRae kwenye Safari Rally ya 1997 akiwa na Impreza.

Anayetaka kusafirisha gari kutoka Uingereza akumbuke jambo moja: kuanzia modeli ya 2006, Impreza WRX na STI zilizouzwa kule zilibadilishwa injini zikawa za lita 2.5, wakati Japani STI iliendelea na lita mbili. Jina ni lilelile, ushuru wa bidhaa ni mwingine.

Japani, zinakotoka nyingi ya gari hizi, nayo ina mashahidi wake. Ukaguzi wa lazima, shaken, hufanyika gari jipya likitimiza miaka 3, halafu kila baada ya miaka 2, na tangu 2004 kilometa zinaandikwa kwenye cheti. Gari likipelekwa mnadani, mkaguzi anajaza karatasi: daraja la gari, alama ya R kama limewahi kugongwa likarekebishwa, mchoro wenye kila mkwaruzo, na kilometa. Wafanyabiashara wa kule huchukulia kilometa 10,000 kwa mwaka kuwa mwendo wa kawaida. Likivuka 100,000, bei inashuka ghafla, hata kama gari liko imara, kwa sababu Mjapani anaona gharama za matengenezo na shaken nyingine zinamjia. Mnunuzi wa Afrika Mashariki anafaidika na woga huo, mradi ajue ni woga wa nini.

Kwa injini ya EJ20 ya Subaru, woga huo una sababu ya kweli, nayo ni mkanda wa taimingi. Unabadilishwa kwenye kilometa 100,000. EJ20 ya tabo ni injini ambayo mkanda ukikatika, valvu na pistoni zinagongana, na fundi anaanza kuhesabu vipuri badala ya kuhesabu saa. 3S-GE ya Altezza nayo inatumia mkanda. 4GR ya Mark X ina cheni. Kwa hiyo Forester ya tabo yenye kilometa 98,000 inayouzwa ghali kwa sababu "haijafika laki" inamtaka mnunuzi alipie mara mbili: analipa bei ya kilometa chache, halafu anabadilisha mkanda, rola na pampu ya maji mwezi huohuo. Yenye 131,000 ambayo mkanda wake ulibadilishwa kwenye 101,000 imeshalipiwa kazi hiyo na mtu mwingine.

Mtu atajuaje kwamba ulibadilishwa? Afungue boneti na mlango wa dereva. Gereji za Japani zina tabia ya kubandika karatasi ndogo. Ile ya mkanda hukaa chumba cha injini, mara nyingi kwenye kifuniko cha plastiki kilicho mbele: tarehe na kilometa. Ile ya oili huwa kwenye fremu ya mlango wa dereva, ikionyesha kilometa za kubadilisha oili safari ijayo. Maandishi ni ya Kijapani lakini tarakimu ni hizihizi zetu. Mwaka ukiwa 27 au 28, usishtuke. Wajapani wanahesabu kwa enzi ya mfalme, na Heisei 27 ni 2015. Enzi ya Reiwa ilianza 2019, kwa hiyo Reiwa 3 ni 2021. Dashibodi ikisema 78,000 na kibandiko cha mlangoni kinataka oili ibadilishwe kwenye 121,000, mazungumzo na dalali yameisha. Waliochezea dashibodi mara nyingi hawajui kusoma mlango.

Maana dashibodi inachezewa, tena si Tanzania tu. Marekani ilitunga sheria dhidi ya kurudisha maili nyuma mwaka 1972, ikaikaza mwaka 1986, na bado shirika la usalama barabarani la huko, NHTSA, linakadiria kwamba zaidi ya magari 450,000 huuzwa kila mwaka yakiwa na maili za uongo. Ubelgiji iliona sheria ya adhabu haitoshi. Tangu 2006 gari lililotumika haliuzwi kule bila Car-Pass, karatasi inayokusanya kilometa zilizoandikwa na kila gereji iliyoligusa. Kwetu TBS inakagua magari yanayoingia, lakini gari likishasajiliwa, hakuna daftari la wazi ambalo mtu wa Ifakara anaweza kulisoma kwenye simu yake. Stika ya Nenda kwa Usalama haimwambii mnunuzi kilometa. Historia ya gari inabaki kichwani mwa fundi aliyelihudumia, kama fundi huyo yupo na anakubali kusema.

Hilo la fundi si dogo. Ughaibuni mtu analipa zaidi kwa gari lenye kitabu cha huduma kilichogongwa mihuri. Mlabani kitabu hicho ni fundi. Gari la mjini hapa linajulikana: lilimezwa na maji ya Kilombero masika gani, nani alilitumia kubebea mpunga kutoka Malinyi, lilifunguliwa injini lini. Gari la Dar lililoletwa juzi halijulikani na mtu yeyote, ndiyo maana linang'aa zaidi.

Halafu kuna suala la kilometa zenyewe. Zile za barabara kuu ya Uingereza, injini ikiwa ya moto na gia ya juu, haziumizi gari kama zile za kutoka daraja la Magufuli kuelekea Lupiro kwenye vumbi na tope. Kutoka Mikumi hadi Ifakara sasa mambo ni tofauti kabisa na zamani; lami ya Kidatu–Ifakara, kilometa 67 hivi, imeifanya Subaru iwe gari la kufikirika mahali ambapo zamani shokapu na bushi zingekwisha kabla ya mwaka. Lakini ukivuka mto Kilombero, tabo inavuta hewa yenye vumbi, na chujio la hewa lililopitwa na muda linaiua tabo kabla kilometa hazijafika popote. Land Cruiser za hospitali na taasisi za hapa, zile za dizeli ya lita 4.2 isiyo na tabo, hutembea kilometa laki tatu na watu hawajali. Tabia hiyo isihamishiwe kwa STI. Gari la Japani la tabo lilitengenezewa petroli inayouzwa kule kama oktani 100. Kituo cha Ifakara kitakuuliza petroli au dizeli, basi. Dereva anayelikamua kwa mafuta ya chini anahatarisha pistoni, na dashibodi haitaonyesha hilo kamwe.

Kilometa chache mno nazo zina ugonjwa wake. Gari la Coventry la miaka 15 lililotembea maili 30,000 huenda lilikuwa likienda dukani na kurudi, injini haipati moto sawasawa, au lilikaa gereji miaka huku sili zikikauka. Matairi yake yanaweza kuwa na kashata nzuri na bado yakawa ya zamani. Tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT kwenye ubavu wa tairi zinataja wiki na mwaka wa kutengenezwa. Chini ya gari, chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi imekula vyuma. Rekodi ya MOT hutaja kutu waziwazi, na anayenunua kwa ajili ya nyumbani aisome sehemu hiyo kabla ya kutazama maili. Zaidi ya hapo, maili si kilometa. Dashibodi ya Uingereza ikionyesha 62,000, gari limetembea karibu kilometa 100,000, na wapo wauzaji wanaoiacha tarakimu ile isomwe kama ilivyo.

Basi kati ya kilometa na bei, kipi kitangulie? Uingereza na Japani, kilometa, kwa kuwa zina ushahidi na bei inauheshimu. Ifakara, kilometa zisizo na ushahidi zisiongezewe hata shilingi moja. Mnunuzi afanye kama mkanda haujawahi kubadilishwa, tabo imechoka na klachi inaelekea mwisho, aulize bei za vipuri Gerezani, Kariakoo, aongeze nauli ya kuvituma kwa basi, kisha atoe jumla hiyo kwenye bei anayotajiwa. Muuzaji akikataa, Forester yenye 131,000, karatasi ya mnada na kibandiko cha mkanda ni ununuzi bora kuliko ile ya 78,000 yenye hadithi ya mama mwalimu, hata kama zinauzwa bei moja.

Na wewe uliyeko ughaibuni unayetaka kumtumia mdogo wako hela akununulie, mwombe kwanza picha nne: dashibodi ikiwa imewashwa, fremu ya mlango wa dereva, chumba cha injini boneti ikiwa wazi, na namba ya chesi ikisomeka vizuri. Hela itume baada ya hapo.