Jumanne na Alhamisi tuko kwa hesabu

Wengi mmetuuliza inboksi kwa nini siku hizi Jumanne na Alhamisi jioni tunakuwa kimya. Tuko kwa hesabu. Kuanzia saa kumi na moja mpaka saa moja usiku tunakaa ndani ya kanisa moja la mabati hapa Base Camp, watu wazima tisa. Mdogo wetu ana miaka 22, mkubwa ana 41. Tunaandika hii kwa sababu ndugu wengi humu Nakivale wanataka chuo, na kinachowafunga si pesa peke yake.

Kuna mama mmoja kati yetu, ametukubalia tuseme habari yake bila jina. Ana miaka 33, anatoka upande wa Fizi, na kwa miaka mingi amekuwa akiwatafsiria wagonjwa kwa daktari. Anataka kuwa muuguzi. Alipanda gari mpaka Mbarara kuuliza chuoni, wakamwambia alete cheti cha S.4 chenye baiolojia, kemia, fizikia, Kiingereza na hesabu. Karatasi zake za Kongo zilibaki ndani ya nyumba iliyoungua. Angekuwa nazo, UNEB wangeweza kuzilinganisha na za Uganda. Bila karatasi, dawa ni kurudi darasani.

Na siku hizi huwezi kujitokeza tu siku ya mtihani. Mtaala mpya ulianza 2020, na S.4 wa kwanza kufanya mtihani wake walikuwa wa 2024. Alama 20 kwa mia zinatoka kwenye kazi za darasani na miradi, 80 ndizo za mtihani wa mwisho. Kwa hiyo mama wa watu amevaa yunifomu, yuko S.3, anakaa benchi la nyuma. Mtoto wake wa kwanza yuko S.2, shule hiyo hiyo. Wakikutana kwenye bomba la maji mtoto anamsalimia haraka haraka na kupita.

Kemia anaiweza, baiolojia anaipenda. Hesabu ndiyo ilikuwa inamtetemesha mikono. Na si yeye tu. Siku ya kwanza tulipokaa, karibu kila mtu alisema sentensi moja: "Miye siko mutu wa hesabu." Ukimuuliza zaidi, kila mmoja ana siku yake anayoikumbuka: ubao, chaki, namba iliyokataa kutoka, fimbo, darasa zima linacheka. Sisi tunasema wazi, fimbo ile haikumfundisha mtu kugawanya. Ilimfundisha kukaa nyuma na kuinamisha kichwa, basi.

Lakini kuna kitu kingine ambacho hatukukiona haraka. Sisi tulisoma namba kwa lugha tofauti. Aliyesoma Uvira au Bujumbura alifundishwa kusema septante na nonante, na kuandika nukta ya desimali kwa mkato. Kwake 3,5 ni tatu na nusu. Hapa Uganda tatu na nusu ni 3.5, na mkato unatenga maelfu. Sasa mpe mtu huyo swali lenye 1,250. Yeye anaona moja na robo, mwalimu anaona elfu moja mia mbili hamsini. Kugawanya nako ni hivyo: kule namba inayogawanya inakaa kulia, hapa inakaa kushoto. Hata namba moja, tunayoiandika na mkia mrefu juu, mwalimu wa hapa anaweza kuisoma saba. Mtu anapata alama ndogo, anasema kichwa chake kibovu, kumbe kichwa ni kizima.

Kwa hiyo wiki mbili za kwanza hatukufanya hesabu yoyote ya mtihani. Tulichora mstari katikati ya daftari, kushoto tukaandika jinsi tulivyofundishwa sisi, kulia jinsi wanavyoandika hapa. Ndugu yetu mmoja aliyekuwa mwalimu Uvira, sasa anatengeneza simu, ndiye anatuongoza. Upande wa Kiingereza anatusaidia binti mmoja wa S.4, ana miaka 17. Tunamwita mwalimu, na yeye anatuita mama na papa. "Mama, tusome kwanza swali mpaka mwisho," ndiyo kauli yake.

Asilimia ilikuja vizuri kuliko tulivyotegemea, na sababu yake si ya kufurahisha. Nani hapa hajui asilimia? Aprili 2020 chakula cha mgao kilishuka mpaka 70 kwa mia. Waliokuwa wanapokea pesa walitoka shilingi 31,000 kwa mtu kwa mwezi wakapewa 22,000. Familia ya watu sita: 186,000 ikawa 132,000. Kila mtu alifanya hesabu hiyo kichwani, bila daftari, siku ileile. Februari 2021 ikawa 60. Mwalimu akauliza: kutoka 70 kwenda 60, umepunguziwa ngapi kwa mia? Wengine wakasema kumi. Dada yetu Msomali mwenye duka akakataa: kumi hiyo uihesabu juu ya 70 uliyokuwa nayo, siyo juu ya mia ya zamani. Ni karibu 14. Tulibishana mpaka giza likaingia, na ile ndiyo jioni ya kwanza ambayo hakuna mtu aliyeangalia saa. Mambo ya 2023, walipotugawa mafungu matatu, 60, 30 na sifuri, tuliyaacha. Wawili kati yetu wako fungu la sifuri.

Aljebra ilikuwa ngumu zaidi. Herufi inafanya nini kwenye hesabu? Mwalimu wa simu akasema x ni kama mtoto aliyezaliwa ambaye hajaandikwa bado kwenye karatasi ya familia. Yuko, anakula, ila karatasi haijamjua. Ukijua jumla ya watu wa nyumba na ukawatoa walioandikwa, unampata. Tulicheka, lakini tangu siku hiyo x haimtishi mtu sana. Ikiwa na mbili juu yake bado inatisha.

Mtihani huu mpya unakuja na hadithi: mtu ana shamba, ana biashara, anataka kukopa, umsaidie aamue. Kwa mtoto wa miaka 15 hiyo ni stori. Sisi tumeshakopa kwenye vikundi vya akiba na tumelipa na riba. Shida yetu ni Kiingereza cha hiyo hadithi, ndiyo maana tunaisoma kwanza kwa Kiswahili, tunajadili, halafu tunairudia kama ilivyo. Inachukua muda mrefu. Swali moja linaweza kula nusu saa, na kwenye chumba cha mtihani hakuna atakayekupa nusu saa. Hilo hatujalipatia dawa.

Mama wetu muhula uliopita alipata 46 kwa mia. Muhula wa kwanza alikuwa na 19. Karatasi ameikunja, anatembea nayo ndani ya Biblia. Bado ana mwaka mmoja na zaidi kabla ya mtihani, na karo ya muhula ujao haijapatikana yote.

Anayetaka kuja, milango iko wazi, hata kama uliacha shule darasa la sita. Wanaotoka Juru na Rubondo tuambieni mapema, tumalize kabla ya giza ili mrudi wengi pamoja. Leteni daftari na kalamu mbili. Kalkuleta tunayo moja tu, na namba nne yake inabonyezwa kwa nguvu.